Mfuniko wa Tanki la Mahurunga

Klabu ya kujitolea ya mjini kwetu ilinialika kwa sababu ya ndoo, na sijawahi kujidanganya kwamba kulikuwa na sababu nyingine. Walitaka ndoo zenye koki za kunawia mikono, za kugawa kwenye shule za msingi, wakaja dukani kwangu sokoni Mtwara wakiwa wanne, wamevaa fulana za rangi moja. Mtu anayekuja kununua ndoo akiwa na wenzake watatu hajaja kununua, amekuja kuomba. Nikawatajia bei. Mama mmoja mnene kiasi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, akaniuliza kama naweza kuitia huruma kidogo hiyo bei. Nikamjibu kwamba bei haina moyo, mwenye moyo ni mimi, na mimi bado sijanywa chai. Akaagiza chai. Tulipomaliza kunywa, yeye aliondoka na ndoo kwa bei ya jumla na mimi nilibaki mwanachama. Mpaka leo sijui nani alimpunguzia mwenzake.

Yule mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mwalimu mkuu, mwenyeji wa Bukoba, amefundisha huku kusini tangu akiwa msichana. Mweka hazina wetu alikuwa mhasibu wa mambo ya bandarini, mtu wa kaskazini, shati limepigwa pasi hata siku ya kufyeka majani. Wengine walikuwa walimu, manesi, makarani. Wafanyabiashara tulikuwa wachache, na mbele ya vikao tulitajwa kwa heshima, kwa sababu sisi ndio wenye magari.

Kazi zenyewe zilikuwa za kawaida. Jumamosi hii tunafagia soko la samaki, Jumamosi ile tunachangia damu, nyingine tunapanda miti ambayo mbuzi wanaisubiri kwa adabu mpaka tuondoke. Kisha picha. Klabu yetu haikuwahi kufanya jambo bila bango na picha, na mimi nilikuwa nasimama mwisho kabisa, nahesabu vitu tulivyokuja navyo. Nahesabu mara mbili. Ni tabia ya sokoni: hesabu ya kwanza unajua ulichonacho, ya pili unajua uko na watu gani.

Sasa, Mama Mwenyekiti alikuwa anakaribia kustaafu. Baada ya Krismasi angerudi kwao, na kutoka Mtwara hadi Bukoba ni Tanzania yote umeivuka kona kwa kona. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua alinieleza siku moja tukiwa tunakunja bango.

"Mwanangu," akasema, "nimeongoza klabu hii miaka mingi. Nitajie kitu kimoja tulichotoa ambacho bado kinafanya kazi."

Nikafikiri. Pampu ya kisima tuliyojenga kule pwani ilikuwa imegeuka mahali pa mbuzi kujikunia. Karo za kunawia za shule moja ya mjini zilikuwa zimejazwa udongo na kupandwa mchicha.

"Mchicha ni mzuri, mama," nikasema. "Niliula."

Hakucheka. "Nataka kimoja," akasema. "Kimoja tu, nikione kinatumika kwa macho yangu kabla sijapanda basi. Vinginevyo nitakuwa nimetumia Jumamosi zangu zote kupigwa picha."

Hapo ndipo lilipokuja suala la Mahurunga. Kijiji kile kiko karibu na mto Ruvuma, wanalima, na wana zahanati yenye muuguzi mmoja hodari na bomba moja lisilotoa kitu. Mwanamke akishikwa na uchungu, ndugu zake wanakuja na kanga, wembe, uji, na ndoo za maji kichwani. Asiye na ndugu wa kumchotea, muuguzi anachota mwenyewe, halafu anarudi mbio. Bati la zahanati lilikuwa zima na pana. Kilichokosekana ni tanki la kukinga maji ya mvua, na matanki ndiyo biashara yangu. Bei niliitaja mara moja tu, na mara hiyo sikuomba chai.

Tulikwenda kwanza kujitambulisha, mimi, Mama Mwenyekiti na mweka hazina. Mtendaji wa kijiji akawaita watu, wenzangu wakasema maneno ya mikutano, watu wakapiga makofi ya mikutano. Ilipofika zamu yangu nikasema natokea Masasi, Mmakua.

Kabla sijakaa, bibi mmoja wa mbele, kilemba cheusi, mdomo wa juu una lile tundu la ndonya, pambo la mdomoni la wazee wa zamani, akasema bila kuinua sauti: "Ndiyo maana naona njaa imeingia na gari."

Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu: "Nimekuja kuwapa maji, mtani, maana nimesikia Wamakonde mnaoga siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa, na zote mbili mnaogeshwa."

Kikao kikachangamka. Bibi akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akaninyooshea kidole: "Wewe utalipa. Subiri ulete hilo tanki lako."

Mimi nilielewa. Mweka hazina aliniuliza njiani kwa nini namtukana mtu mzima, nikamwambia ni utani wa makabila yetu mawili. Akasema hata kwao kuna utani. Ni kweli, lakini kwao ni wa maneno. Wa kwetu una mikono.

Siku ya tanki tulipakia nyumbani kwangu Likombe asubuhi. Tanki moja jeusi, mfuniko wake, koki, mabomba, mifereji ya bati. Nikahesabu, nikahesabu tena, tukapanda kenta. Barabara ya kule ina mchanga na mashimo, na wakati ule msimu wa korosho ulikuwa unaishia, kwa hiyo tulipishana zaidi na mapikipiki yamebeba magunia kuliko magari. Tulipofika, wanaume wa kijiji walikuwa wameshajenga jukwaa la matofali pembeni ya zahanati, imara, la kupandishia tanki. Walikuwa wamesimama hapo wenyewe, mikono iko tayari. Tukashusha vitu. Bango likatandazwa. Tukapigwa picha tumelizunguka tanki kama jamaa wa bwana harusi.

Picha zilipokwisha nikahesabu. Mfuniko haupo.

Nikageuza shingo taratibu. Ng'ambo ya njia, kwenye baraza la nyumba yake, alikuwa amekaa yule bibi mwenye kilemba cheusi. Mbele yake kulikuwa na mfuniko wa tanki letu, umegeuzwa juu chini, na juu yake ameanika makopa, vipande vya muhogo vyeupe vimepangwa vizuri kabisa. Anavigeuza kimoja kimoja. Hanitazami.

Moyo wangu ukatulia, nikaanza kupanga nitakavyoukomboa ule mfuniko. Mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, amekukaribisha. Unamfuata, anataja bei ya kichaa, unampunguzia, watu wanacheka, unatoa kuku au kanga, kitu kinarudi. Siku hiyo nilikuwa na doti ya kanga kwenye mkoba kwa kazi hiyohiyo. Nikaona ninywe maji kwanza. Biashara nzuri haina haraka.

Kumbe mweka hazina naye siku hizi alikuwa anahesabu. Labda nilimwambukiza. Ameona mfuniko haupo, ameangaza macho, ameuona barazani, na badala ya kuja kwangu amekwenda moja kwa moja kwa mtendaji. Nilimsikia nikiwa na kopo mdomoni.

"Ndugu mtendaji, kuna wizi umetokea. Mali ya klabu imeibiwa, na aliyeiba ni yule bibi pale."

Alilisema kwa sauti ya ofisini, iliyo wazi, inayofika mpaka nyuma.

Mtendaji aliangalia chini. Bibi akaondoa makopa yake, kipande kwa kipande, akayatia kwenye ungo. Akainuka, akaubeba mfuniko kwa mikono miwili, akavuka njia, akauweka chini mbele ya viatu vya mweka hazina.

"Mfuniko wako huo, mwanangu," akasema. "Na tanki lako lile pale. Rudini navyo."

Akaondoka. Wale wanaume waliokuwa kwenye jukwaa wakaondoka mmoja mmoja, huyu kakumbuka mbuzi, yule kakumbuka shamba. Baada ya muda mfupi tulibaki sisi wenye fulana, mtendaji, na muuguzi mlangoni amekunja mikono. Tanki limelala ubavu kwenye mchanga.

Nikahesabu tena, sijui kwa nini. Kila kitu kilikuwepo.

"Si mfuniko umepatikana?" mweka hazina akasema. "Tatizo liko wapi?"

Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa ameishi kusini muda wa kutosha kujua tatizo liko wapi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Hili nalo," akasema, "litakuwa la mbuzi."

Sikupenda sauti ile. Nimezoea kumsikia akiamuru.

Nikauchukua ule mfuniko, nikavuka nao njia mpaka barazani. Bibi alikuwa ameingia ndani. Nikapiga hodi. Nikaugeuza mfuniko juu chini palepale alipokuwa ameuweka, nikauchukua ungo, nikaanza kupanga makopa juu ya mfuniko, kipande kimoja kimoja.

"Unapanga vibaya," sauti ikatoka ndani.

"Sisi Masasi tunapanga hivi."

"Ndiyo maana ya kwenu yana ukungu." Akatokea, akasimama mlangoni. Uso bado umefunga. "Umefuata nini? Nimewarudishia."

"Hicho ndicho nilichofuata. Umeniletea kitu ambacho sijakikomboa. Mimi mfanyabiashara, mtani. Vya bure vinaniwasha ngozi."

"Nimeitwa mwizi."

"Umeitwa na mtu wa milimani, hajui ndimu wala chumvi ya huku. Ungekuwa mwizi ungeiba kitu cha maana. Nani anaiba mfuniko anaacha tanki?"

Mdomo wa bibi ukacheza kidogo upande mmoja, akaurudisha. Akaketi. Akaanza kuyapanga upya yale makopa niliyoyapanga. Nikajua duka limefunguliwa.

Nikatoa doti ya kanga, nikaiweka. Hakuiangalia.

"Kanga ninazo."

"Basi sema wewe."

Akayageuza makopa mawili matatu. Halafu akaelekeza kidevu ng'ambo ya njia, alikosimama mweka hazina na shati lake la pasi. "Namtaka yule."

"Yule wa nini? Hajui kulima."

"Anichotee maji kisimani. Alijaze hilo tanki kwa kichwa chake, ndiyo nijue mfuniko wenu mnautakia nini."

"Alijaze? Mtani, unalijua lilivyo? Atafia njiani, halafu mtaletewa msiba wa watu wa kaskazini, wanakula nyama hao, mbuzi wa kijiji chote hawatoshi."

"Basi nusu."

"Ndoo moja."

"Ndoo moja anachota mtoto wa chekechea. Kumi."

"Mbili, na kanga juu."

"Tano, na kanga naichukua, kwa sababu umeshaitoa na Mmakua akirudisha kitu mfukoni anaumwa."

Tukakubaliana ndoo tatu, kanga ndani, na nyongeza moja: maji yatakayomwagika njiani hayahesabiwi. Kile kifungu alikiweka mwishoni nikiwa nimeshapeana naye mkono. Nimefanya biashara miaka mingi, na sijapigwa bao safi kama lile.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia mwenyewe kwamba ameuzwa.

"Mimi?" akasema mweka hazina. "Nichote maji? Kwa lipi? Kosa langu nimelinda mali ya klabu."

"Umemwita bibi wa watu mwizi mbele ya kijiji chake, kaka."

"Sikujua."

"Ndiyo bei ya kutojua. Nimeipunguza sana, hujui ilianzia wapi."

Alitaka kuendelea, lakini Mama Mwenyekiti alikuwa ameinuka kwenye benchi. Alimsogelea na sauti ile ya mwalimu mkuu, ile ya kuamuru, nikafurahi kuisikia. "Vua saa," akasema. "Na viatu. Kule kisimani kuna tope."

Akavua.

Kisima hakiko mbali kwa mtu aliyezoea. Wanawake wawili walimtwika ndoo, wakamwonyesha ngata, ile pete ya kanga ya kuwekea kichwani. Akaiweka kama mtu anayevalishwa taji asilolitaka. Tuliona anavyorudi: mikono miwili juu, shingo ngumu, macho yanaangalia mbele kama anavuka mkutano wa wakurugenzi, maji yanamtiririka mgongoni mpaka shati likawa rangi nyingine. Watoto wanamfuata, watu wazima wanatoka majumbani. Wale wanaume waliokumbuka mbuzi wakawasahau.

Bibi akachungulia ndoo. "Hii nusu," akasema. "Nusu si ndoo."

Mweka hazina akarudi kisimani.

Ndoo ya pili ilifika robo tatu. Bibi akaitafakari muda mrefu, akasema atajumlisha na ile nusu, apewe moja. Mhasibu akasema, akihema, kwamba kwa hesabu hiyo anadai na robo. Watu wakacheka hapo, kicheko kilekile cha kikao cha kwanza, na bibi akacheka nao, tundu la ndonya likaonekana. "Amepona," akaniambia. "Sasa anadai kama mtu."

Hakuna aliyewaita wale wanaume. Wakati mweka hazina yuko safari ya tatu, mmoja wao alisema haiwezekani mgeni amwage jasho lote lile halafu maji yawekwe kwenye tanki lililolala. Wakalizunguka, wakalinyanyua kwa wimbo, likakaa juu ya jukwaa. Fundi akafunga koki na mifereji. Ngazi ikaletwa, na mweka hazina, peku, shati limemgandia, akaipanda na ndoo moja moja, akamimina. Tanki lilitoa mlio kama ngoma tupu inapopigwa mara ya kwanza.

Bibi akaleta mfuniko. Alikuwa ameufuta unga wa makopa kwa kanga mpya. Hakunipa mimi niliyeukomboa wala mweka hazina aliyeulipia. Alimpa Mama Mwenyekiti.

"Funika wewe," akasema. "Lakini ujue ni wetu. Umekombolewa hapa mbele ya watu. Atakayeugusa nitamtafuta mimi."

Mama Mwenyekiti alipanda ngazi kwa taabu, tukamshikilia, akafunika. Aliposhuka, muuguzi alifungua koki. Maji yalitoka kidogo, na ya tope kidogo, na mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa amekaa kibarazani tangu asubuhi akainuka, akanawa uso. Mama Mwenyekiti akanawa baada yake, akajifuta na kitenge muda mrefu kuliko kawaida. Hakuna aliyekumbuka bango. Hatuna picha ya tendo hilo, na klabu nzima inalalamika mpaka leo, kwa sababu ndilo la maana tulilowahi kufanya.

Mweka hazina kule Mahurunga anaitwa Mateka. Naye anaitika. Alianza kwenda mara kwa mara, anasema ni kukagua tanki. Anarudi na mayai, na siku moja alirudi na jogoo ambaye hakutaka kueleza amempataje. Nilimwambia kukagua tanki kuna faida kuliko duka langu.

Mvua zilichelewa. Krismasi ikapita na vumbi lake. Mama Mwenyekiti aliuza kabati, akagawa sahani, akanunua tiketi, na kila siku alikuwa anatoka nje kuangalia mbingu kama mtu anayesubiri mgeni asiyetaja saa. Tanki lilikuwa limefunikwa na lina koki, hilo alikuwa ameliona. Lakini tanki la mvua ambalo limejazwa ndoo tatu bado ni ndoo kubwa tu, na yeye alikuwa mwalimu, hakutoa alama kwa nusu jibu.

Asubuhi ya safari tulikwenda kumsindikiza stendi. Kulikuwa na mawingu, lakini mjini hakukuwa na tone. Mimi nikajipa kazi yangu: kuhesabu mizigo. Nilihesabu, nikahesabu tena. Umezidi mmoja. Mfuko wa salfeti, umeshonwa mdomo, mzito.

"Huu wa nani?"

"Wa mama," akasema mweka hazina, akiangalia pembeni. "Umetoka kwa bibi. Makopa. Anasema yale yaliyokaa kwenye mfuniko, akapike Bukoba, waonje chakula cha watu."

Mpakia mizigo akauinua, akataja nauli ya ule mfuko. Nikamwambia atulie, hatujafika huko. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia aliposimama karibu yangu Mama Mwenyekiti, simu sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili.

"Sikusikii, muuguzi," alikuwa anasema. "Kelele gani hiyo? Sogea pembeni."

Halafu akanisogezea simu.

Kwanza nilidhani ni mtandao mbovu. Ikawa ni bati, mvua kubwa juu ya bati, na chini yake mlio mwingine, mnene, wa maji yanayoshuka kwenye mfereji na kuangukia ndani ya kitu kikubwa kinachoanza kujaa. Sauti ya bibi ilikuwa mahali fulani humo ndani, inamfokea mtu aliyeinua mfuniko kuchungulia.

Nilimrudishia simu. Aliirudisha sikioni, si kwa kuongea, aliisikiliza tu, amesimama katikati ya stendi, honi zinapigwa, utingo anaita abiria. Wala hakuaga vizuri. Alipanda akiwa bado anasikiliza.

Mimi nikamgeukia mpakia mizigo. Nikamwambia kwamba mfuko ule si mzigo, ni chakula cha safari, na chakula cha safari hakilipiwi. Akasema chakula gani cha kilo zote hizo. Nikamwambia hujui abiria huyu anakwenda mbali kiasi gani. Tukamalizana kwa nusu, na basi likaondoka.